Bi Susan Komora na Viti Kumi na Viwili vya Wadenmaki

Bi Susan Hawayu Komora, ambaye sote humwita Mama Levi, aliripoti kazini katika Kituo cha Mafunzo ya Wakulima na Wafugaji hapa Minjila tarehe 3 Mei 1991, na atastaafu rasmi Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Hiyo ni miaka thelathini na minne na kidogo, yote akiwa msimamizi wa malazi na jiko. Kamati imeniomba mimi, Sadik Hirbo, karani wa stoo, niandike wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye niliyefanya naye kazi kwa muda mrefu zaidi. Nadhani kamati haikuuliza watu vizuri. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo mimi ndiye niliyekuwa kikwazo chake kikubwa kazini, na nusu ya mafanikio yatakayotajwa hapa aliyapata kwa kunizunguka.

Mama Levi alizaliwa Ndera, binti wa mzee aliyechonga mitumbwi na mama aliyelima migomba kando ya mto. Alisomea usimamizi wa malazi Mombasa, akaolewa Garsen, kisha akaletwa kwetu. Siku ya kwanza alihesabu shuka, akafukuza paka watatu jikoni, akaingia ukumbi wa chakula, na humo akakutana na jambo lililomshughulisha hadi leo.

Kituo hiki kilijengwa miaka ya sabini kwa msaada wa wataalamu kutoka Denmaki. Nafikiri watu hao hawakuamini kwamba tungewapa mahali pa kukaa, maana walikuja na samani zao: meza ndefu ya msaji, viti kumi na viwili vya kuizunguka, kabati la chini lenye milango ya kutelezesha, na vyombo vya kaure vyenye maua ya bluu. Walipoondoka waliacha kila kitu. Mama Levi alipofika vilikuwa vimebaki viti saba. Vitano vilikuwa vimeondoka kimoja kimoja kwa njia ambazo rejista yangu haizijui. Alipitisha kiganja nyuma ya mgongo wa kiti, kama babake alivyokuwa akipima ubavu wa mtumbwi, asikute msumari hata mmoja. Siku hiyohiyo alituambia kwamba kabla hajastaafu atavirudisha vyote kumi na viwili kwenye meza moja, apange sahani kumi na mbili, na awalishe watu kumi na wawili waliokaa sawasawa. Tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Kazi yangu ni kuhakikisha mali ya kituo inajulikana. Kwa hiyo kila mwaka nilitembea na kopo la rangi nyeupe ya mafuta na brashi, nikiandika namba. Niliandika mbele ya mgongo wa kiti, kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani, tena kwa fahari. Kwenye sahani niliandika katikati, upande wa chakula, hivi kwamba mkulima akimaliza ugali alikuta namba thelathini na moja ikimtazama. Mama Levi alizifuta namba zangu kwa mafuta ya taa na jivu, taratibu, akifuata nyuzi za mbao. Mwaka uliofuata nilizirudisha, nikamlalamikia mkurugenzi kwamba kuna mtu anahujumu rejista. Vita hivyo vilidumu miaka kumi na mmoja. Halafu siku moja alinijia ofisini na kiti, akakipindua mbele yangu na kuniambia, "Baba Ifrah, kiti kina tumbo pia." Chini palikuwa na nafasi pana, safi, ya kuandika namba yoyote niliyotaka, kando ya muhuri wa karakana uliochomwa kwa moto kwenye mbao. Miaka yote hiyo haikunijia akilini kukipindua.

Nikiri pia habari ya birika. Katika vile vyombo kulikuwa na birika refu la kahawa, la kaure, lenye mdomo mwembamba. Sisi wanaume wa ofisini tuliona limeumbwa kwa ajili ya udhu, na kwa miaka minne lilikaa kando ya bomba la nyuma. Mama Levi ni mtu wa kanisa na hapendi kuingilia ibada za wengine. Alinunua birika la plastiki la kijani, akaniletea mwenyewe, akasema hili ni jepesi na halitateleza mkononi. Nilimshukuru mbele ya wenzangu, nikajiona nimepandishwa cheo. Lile la kaure nililikuta kabatini wiki mbili baadaye, limesuguliwa likang'aa, nikamuuliza amelitoa wapi.

Vikalio vya viti hivyo vilikuwa vimefumwa kwa kamba ya karatasi. Mwaka 1998 mbuzi wa mlinzi aliingia ukumbini akala viwili na kuanza cha tatu. Kwenye rejista, safu ya sababu ya uharibifu, niliandika "vimeliwa", na kwenye safu ya mapendekezo nikaandika nililozoea kuandika: "havifai ila kuni". Mama Levi aliviomba vile viunzi kwa barua. Baada ya mwezi mmoja vilirudi vimefumwa upya kwa kamba nyembamba ya miyaa, yaani majani makavu ya mkoma, iliyobana kiasi kwamba mbuzi yuleyule alinusa akaenda zake. Nilitangaza kantini kwamba fundi wa kazi ile lazima ametoka Mombasa. Fundi alikuwa Darmi, mke wangu. Alikuwa akisokota kamba ile nyumbani kwangu, mbele ya macho yangu, nami nilidhani ni ya kufungia ndama.

Mwaka 2009 alilala kwetu msanifu majengo mmoja kutoka Nairobi. Alipindua kiti, akausoma ule muhuri, akataja jina la karakana na miaka yake, kisha akataka avichukue vyote, na badala yake atuletee makochi mapya yenye kingo za dhahabu. Nilikuwa nimeshajaza fomu nusu. Mama Levi alimpa mgeni chai, akamsindikiza hadi kwenye gari, akarudi akaichukua fomu yangu na kuiweka chini ya sufuria ya moto. Lakini maneno ya yule bwana yalimkaa. Alinunua simu yenye intaneti, akaanza kusoma habari za karakana za Denmaki za miaka ya hamsini na sitini, mpaka akaweza kutofautisha miaka ya kabati kwa kutazama mshiko wa mlango. Alitamka hata maneno ya Kidenmaki, akijua hapa Minjila hakuna wa kumsahihisha.

Ndipo alipoanza kuvifuata vile vitano vilivyopotea. Kimoja alikikuta kwa kinyozi mjini Garsen, kingine ghalani kwa muuza unga, cha tatu kwa mkunga, cha nne kwenye boma moja la wafugaji, kimeshikilia vibuyu vya maziwa. Kila mmoja alimpa kiti kipya cha plastiki badala ya kile cha zamani, na kila mmoja alimwonea huruma. Mimi nilisambaza habari kwamba Mama Levi ameanza kuchanganyikiwa, anabadilisha vipya kwa vikuukuu. Kuno, kijana wa bodaboda, alimbeba safari hizo zote, mama nyuma na kiti mgongoni miguu juu, wakionekana kutoka mbali kama ng'ombe mwenye pembe nne.

Cha kumi na mbili kilikuwa Bura, kwa Mzee Danson, mkulima wa mifereji ya skimu ya umwagiliaji. Mguu mmoja wa kiti ulikuwa umevunjika na kuku alikuwa anaatamia juu yake. Mama Levi alitoa kiti cha plastiki kama kawaida, lakini Mzee Danson akatikisa kichwa. "Mimi sina shida, mama," alimwambia. "Kuku ndiye hataki plastiki. Ngoja atoe watoto." Mama Levi alihesabu siku, akarudi Minjila, na mayai yalipoanguliwa akapanda tena pikipiki kwenda Bura. Aliuunga ule mguu mwenyewe kwa gundi na kijiti cha msaji, bila msumari, na mwishoni mwa Oktoba 2023 viti kumi na viwili vilikaa kuizunguka meza moja. Nilienda kuvitazama. Nitasema wazi kwamba vilinishika moyo, na kwamba nilijifanya nimekuja kuhesabu. Karamu ya watu kumi na wawili ilipangwa Desemba.

Novemba mto ulifurika. Kwa kuwa tuko juu kidogo, familia themanini zilipiga kambi kwetu. Kufikia siku ya tatu unga wa uji ulikuwepo magunia sita, maji yalikuwepo kupita kiasi, lakini hapakuwa na ukuni mkavu hata mmoja. Gesi ya jikoni ilikwisha, makaa yalilowa, barabara ilikatika pande zote mbili, na watoto walikuwa wanalia kwa njaa. Mkurugenzi alikuwa amekwama Malindi, kwa hiyo mkubwa kazini nilikuwa mimi. Niliitisha mkutano.

Mtu mmoja alitaja viti. Nami, niliyeviandika kuwa kuni tangu ujana wangu, nilisimama kuvitetea. Nilieleza kwamba hiyo ni mali ya kituo, kwamba haiwezi kuharibiwa bila kamati ya watu watatu na fomu iliyopigwa muhuri, na kwamba muhuri uko Malindi. Nilikuwa nimefika kifungu cha pili tuliposikia panga nyuma ya jiko.

Alikuwa Mama Levi. Alikuwa ameanza na kile cha Bura, ambacho mguu wake haukuwa umemaliza mwezi tangu auunge. Mpishi wetu, Reuben, alimsihi aanze na kimoja chenye ufa. Alimjibu, "Nikianza na nisichokipenda, nitaishia hapohapo." Alipasua kiti kimoja kila asubuhi, kwa asubuhi tano. Siku ya sita boti ilileta makaa, na meza ikapona. Watoto walikunywa uji kwenye vikombe vya maua ya bluu kwa kuwa vya plastiki havikutosha. Vinne vilivunjika, na hakumgombeza mtoto yeyote. Yeye hakulia. Mimi nililia, tena kwa sauti, kitabu cha kanuni za mali kikiwa bado mkononi.

Maji yalipopungua ilinibidi nivitoe viti vile vitano kwenye rejista. Safu ya sababu ilinishinda siku mbili nzima. Neno nililoliandika kwa urahisi miaka yote, sasa lilipokuwa kweli, sikuliweza. Mwishowe niliandika "vimepika uji". Mkaguzi alirudisha karatasi akitaka kielelezo. Nilimwambatishia majina ya watoto mia moja na kumi na mmoja kutoka daftari la kambi, pamoja na umri wa kila mmoja, naye akaipitisha karatasi.

Wasifu kamili ungetaja mengine mengi: wasichana aliowafunza kazi, akiwemo Valentine anayeshika nafasi yake, jiko ambalo halijamwumiza mgeni tumbo hata mara moja, shuka ambazo zimedumu kuliko wakurugenzi sita. Hayo yote yamo katika faili lake, na kwa mara hii moja nayathibitisha bila kuuliza maswali.

Tangu mafuriko hajaitaja tena ile karamu. Mkurugenzi alimwandikia barua ya kumruhusu aondoke na meza na viti saba vilivyobaki. Alishukuru akakataa, akisema kwake Ndera watakuwa wawili tu, yeye na mumewe, na wakulima wanaokuja kozi ni wengi. Basi tumeamua karamu ifanyike hivyohivyo, Ijumaa hii tarehe 27 baada ya sala, kwa viti saba. Nilipewa kazi ya kupanga nani akae wapi. Niliandika mkurugenzi, chifu, mchungaji, imamu, nikafuta, nikaandika tena. Nilipofika kwa jina lake nilijaribu kukumbuka ni kiti gani hupenda kukalia, nikashindwa. Nilimuuliza Reuben, nikamuuliza Valentine, nikarudi nyumbani nikamuuliza Darmi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona Mama Levi amekaa kwenye kiti chochote kati ya vile kumi na viwili. Alivisugua, alivifumisha, alivibeba, alivipasua, na alisimama nyuma ya viti hivyo na sufuria huku sisi tukila. Nina namba ya kila kiti kichwani, na jambo hilo sikuliona kwa miaka thelathini na minne. Naona haya kuliandika, lakini ndilo nililojifunza katika kuandaa wasifu huu.

Mama Levi, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante sana. Tunakuombea afya, mavuno mema huko Ndera, na wajukuu watakaokusumbua kwa kiasi. Orodha yangu ya Ijumaa nimeichana. Kiti cha mwanzo wa meza ni chako, na wakubwa wote watasimama mpaka uwe umekaa. Chakula nitakupakulia mimi, na hutainuka mpaka ushibe.