Kamba ya Uchochoroni

Sogea, na mlango urudishe kidogo. Kwanza apa. Apa kwamba haya hayatoki humu, hata kwa dada yako, hata kwa yule shoga yako mwenye masikio ya sungura. Umeapa? Haya. Nami niliapa, pamoja na wote walioshuhudia, mkono kifuani. Lakini kiapo cha bibi kizee ni kama jino lake, kinang'oka chenyewe akiwa anaongea. Aliyefunga kamba uchochoroni tumemjua.

Kijiwe chetu ni ubao mrefu nje ya duka la Kinyozi, pale uchochoro unapoanzia. Kahawa anachemsha Kinyozi mwenyewe. Yupo Wakili, ambaye mahakamani alikuwa anafagia, ila maneno ya mle ndani yalimganda kama vumbi. Yupo Mama Cherehani, anayeshona barazani hapo hapo na kuchangia hoja pini zikiwa mdomoni. Yupo Mzee Saa, fundi wa saa za mkono, kibanda chake kiko barabara ya nyuma, na siku hizi hapelekewi saa hata moja, maana kila mtu anatazama simu. Huja na kikombe chake, akakaa mwisho wa ubao, nusu tako. Nami niko kwenye kigoda kwa ajili ya magoti. Dirisha langu linatazama uchochoro.

Basi tuliamka siku moja tukakuta kamba. Kamba tu ya katani, imefungwa nguzo hadi nguzo kwenye mdomo wa uchochoro, katikati kitambaa chekundu. Bango hakuna, askari hakuna. Na sote, watu wazima wenye meno na wasio nayo, tukageuza tukazunguka barabara ya nyuma. Wiki zikapita tunazunguka. Dirishani kwangu hapakupita tena viatu. Nilikuwa nawajua watu kwa viatu vyao, nani kagombana na mkewe, nani kachelewa kazini. Kimya kikaja kikakaa kwangu kama mgeni asiyeaga.

Lakini aliyeumia ni Mama Cherehani. Baba yake kapooza upande mmoja, chumba chake ni cha mwisho, ng'ambo ya uchochoro. Zamani kila mchana alivuka na bakuli la uji, akaketi naye mpaka mzee amalize kwa mkono wake mmoja. Sasa akizunguka, uji unafika umepoa na kazi inamwita. Anauweka, anakimbia.

– Jana nimemkuta anauhadithia ukuta, alituambia. Nimesimama mlangoni, sikujua niingie au niwaache wamalize.

Kinyozi akamjazia kikombe.

– Pole mama, akasema Kinyozi. Lakini ile kamba ni ya watu wa mabomba. Chini pale kuna shimo.

– Shimo gani lisilochimbwa? nikauliza.

– Ndiyo hatari yenyewe, bibi. La kuchimbwa ungeliona.

– Mimi ninavyoona... akaanza Mzee Saa.

– Ngoja kwanza mzee, akamkata Wakili. Suala hili ni la kisheria. Ile kamba ni mamlaka. Na mamlaka hutoka kwa watu wenyewe. Nyinyi mliikubali.

– Nani? Mama Cherehani akatema pini. Mimi nimekubali lini?

– Uliponyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Maana yake kimya chako ni kura.

– Acha zako! akasema Kinyozi. Mteja akisinzia kitini kwangu, amekubali upara?

– Akiamka asipolalamika, amekubali.

– Wewe usije kunyoa kwangu tena.

– Na wewe bibi, Wakili akanigeukia, dirisha lako liko pale pale. Hukumwona aliyefunga?

– Nami hulala, mwanangu. Au kulala nako kunataka kibali chako?

Wakacheka. Kinyozi akamimina, akainama kama mtu mwenye siri ya serikali.

– Nimesikia kuna mkubwa anakuja. Uchochoro umewekwa akiba, apite yeye wa kwanza.

– Mkubwa apite pale penye mfereji wa sabuni? nikasema.

– Wakubwa wanapenda kutuona tulivyo.

– Hapana, akasema Wakili. Haba na haba hujaza kibaba. Wameuza uchochoro. Wameanza na uchochoro, na sisi tumo ndani ya mauzo.

– Mimi sijauzwa! Mama Cherehani akapandisha sauti.

– Umejuaje? Mbuzi huulizwa?

– Labda ni mtihani tu, akasema Kinyozi, na sasa sauti yake ilishuka kabisa. Wako juu huko wanatazama, nani anatii, nani hatii. Wakimaliza kutuchambua, watafunga kamba kwenye milango. Halafu kwenye midomo.

– Bora afaidi mmoja, nikasema. Mzee Saa siku hizi anasalimiwa na mji mzima, huko barabara ya nyuma.

– Wanapita mbio tu, akasema Mzee Saa.

Lakini Wakili alikuwa keshaanza jambo jingine.

Hapo ndipo akatokea yule fundi rangi, mpangaji mpya wa kile chumba cha pembeni, ngazi begani, ndoo mkononi. Akatusalimia vizuri, shikamoo kwangu na kwa Mzee Saa, habari kwa wengine. Kisha akainua kamba kwa kidole kimoja ili apite.

Weee! Ungedhani kashika nyoka. Kinyozi alimwaga kahawa kwenye suruali yake mwenyewe.

– Kijana! Huoni kamba?

– Naiona, kaka.

– Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! akapiga kelele Wakili.

Yule akasimama, kamba bado iko kidoleni.

– Mkuu yupi, mzee wangu? Nani kaifunga?

Wakili akamtazama Kinyozi. Kinyozi akanitazama mimi. Mimi nikatazama mbingu, nayo haikunisaidia.

– Si imefungwa, akasema Wakili hatimaye.

– Basi kama ndivyo, akasema fundi rangi. Akainama, akapita na ngazi yake. Tukamsindikiza kwa macho mpaka mwisho wa uchochoro. Ardhi haikupasuka. Kuku mmoja alimpisha.

Mama Cherehani akaweka kando nguo ya watu aliyokuwa anashona. Kisha akainuka, akachukua ule mkasi wake mkubwa, akaenda akaikata kamba. Ikaanguka pande mbili kama kitu kisichowahi kuwa na nguvu. Akarudi akakaa, akalia kidogo, akashona.

– Wiki zote hizi, akasema. Uji wa baridi wiki zote hizi, na kumbe ni kamba tu, hata si ukuta.

Mzee Saa aliweka kikombe chake chini, akaaga, akaenda zake kibandani. Nadhani aliaga.

Fundi rangi aliporudi na kukuta kamba imelala chini, akacheka.

– Mwenyewe atakuja. Mwenye amri hapendi kuiona imelala chini. Mngojeeni.

Nikasema karibuni kwangu, nyuma ya pazia. Adhuhuri ile wakaingia wote, Kinyozi na harufu zake za poda, Wakili, fundi rangi na ndoo, Mama Cherehani na bakuli la uji mikononi kwa sababu saa ya baba yake ilikuwa imefika. Chumba changu hakijajaa hivyo tangu matanga ya mume wangu. Nitakwambia kweli, niliomba huyo mwizi wa njia achelewe.

Jua likawa kali hata kuku wakalala. Mtaa mtupu. Ndipo tukaona mtu anakuja polepole, ameambaa ukuta. Akachuchumaa kwenye nguzo. Akaokota vipande viwili, akaviunganisha kwa fundo dogo zuri, la mikono iliyozoea vitu vidogo, akaenda kuifunga kamba upya kwenye nguzo ya pili.

Tukatoka wote kwa pamoja, tukamzunguka. Na majirani nao wakasikia kishindo, wakajaa milangoni.

Mzee Saa! Kitambaa chekundu kipo katikati ya meno, kamba imekazwa mikononi, fundo la nguzo ya pili limefika nusu. Hakukimbia. Kukimbilia wapi, na magoti yale ni ndugu wa magoti yangu?

– Wewe? akasema Kinyozi. Yaani wewe peke yako?

– Kwa mamlaka gani? akasema Wakili.

Mama Cherehani akasogea mpaka karibu naye kabisa. Nilidhani atammwagia ule uji.

– Mzee wangu, akasema. Si ungeniambia tu? Ungesema, binti yangu, ukienda kwa baba yako pita kwangu unisalimie. Ningekataa?

Mzee Saa akatoa kitambaa mdomoni, polepole, kama anavyotoa skrubu ndani ya saa.

– Ningekuomba, ungeweza kukataa, akasema. Kamba haiombi.

Mama Cherehani akakusanya gauni kwa mkono mmoja, akaivuka ile kamba, mvuke wa uji ukimfuata, maana na baba yake alikuwa anangoja. Tukasikia viatu vyake vinakwenda uchochoroni mpaka visisikike.

Mzee Saa alibaki katikati yetu, ncha ya kamba mkononi. Na kati yetu sote pale, hakuna aliyejua ni nani wa kumwambia aiachie.