Wachezaji Kumi wa Mama Kalenda

Ndugu waombolezaji, karatasi hii inasomwa na Clémence, mtoto wa mdogo wa marehemu, kwa niaba ya familia. Jana wazee waliomba sehemu moja iondolewe, ili jina la marehemu lishuke kaburini likiwa safi, lakini marehemu mwenyewe, Jumapili tarehe 16 Novemba 2003, akiwa na akili zake zote, alimshika Clémence mkono na kumwambia kwamba sehemu hiyo isiposomwa, basi isisomwe karatasi yoyote. Clémence ameiandika mara nne, na imebaki.

Marehemu Masika Marie-Claire alizaliwa hapa Bunia tarehe 3 Machi 1961, akiwa kifungua mimba wa mzee Katsuva Nicolas, fundi cherehani aliyetoka Butembo, na mama Rebecca, mkulima wa Djugu. Alisoma shule ya msingi Mudzipela kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, kisha sekondari ya ushonaji, akapata diploma ya Serikali mwaka 1980 kwa asilimia hamsini na nane, cheti kiliibwa pamoja na sanduku lake, lakini asilimia tunaijua kwa sababu alipenda kuitaja.

Mwezi wa kumi mwaka 1981, mfanyabiashara mmoja wa vitenge alimsimamisha mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, amejifunga kitenge cha buluu, picha ikatoka kwenye kalenda ya mwaka 1982, ikatundikwa madukani na kwa wasusi kutoka Bunia mpaka Fataki, na mpaka leo kuna nyumba ambamo mwaka 1982 haujaondolewa ukutani. Kwa miaka minne alionyesha mavazi hapa na Kisangani, hadi siku moja ya mwaka 1986, kwenye arusi ya mchimba dhahabu huko Mongbwalu, wanamuziki walipochelewa naye akashika maikrofoni, akaimba, akatania wakwe, akacheza, na watu hawakuwauliza tena wanamuziki. Mwaka 1988 aliunda kikundi chake, Nyota ya Shari, kwa jina la mto wetu wa hapa Bunia.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Julai 1987 na Kule Didier, dereva wa lori, aliyefariki kwa ajali mwaka 1998, wakajaliwa watoto wawili, Aimé na Camille, ambao wote wako hapa.

Kuhusu mali, kwa kuwa mengi yamesemwa, marehemu alikuwa na nyumba ya matofali yenye vyumba vitano, mashine ya umeme, spika kubwa nne, cherehani mbili na masanduku sita ya mavazi, na kila kimoja kilitoka kwenye koo lake na miguu yake, hakuna kilichotoka kwa mwenye bunduki. Vita vilipozidi, mashine ya umeme iliuzwa, ikalisha watu kumi na saba waliolala sebuleni kwake, spika zikafuata, na mavazi yakapata kazi nyingine.

Kazi hiyo ndiyo hii. Marehemu aliwavalisha wakimbizi mavazi ya kikundi, akawafundisha hatua sita za ngoma nyuma ya nyumba, kisha akawavusha vizuizi vya barabara ya Komanda akisema ni wachezaji wake. Alifanya hivyo mara tatu, na mara mbili wote walipita.

Mara ya tatu ilikuwa Jumatano tarehe 14 Mei 2003, watu kumi, Clémence akiwa wa nne katika mstari, na wa kumi akiwa Gertrude, mkulima wa Fataki, ambaye mume wake Hubert alikuwa ameuawa siku kumi na moja kabla. Kwa watu wa kwao mjane hachezi kabla ya matanga kumalizika. Siku moja kabla ya safari marehemu alimwambia, "Mama, utatikisa bega kidogo tu," Gertrude hakujibu, na marehemu akachukua kimya chake kuwa ni ndiyo.

Kizuizini vijana wenye bunduki walimtambua mara moja, wakashangilia, "Mama Kalenda! Siye tumekuwa bakubwa na picha yako ku ukuta!" Mkubwa wao akacheka, akasema, "Kama hawa ni bachezaji, bacheze basi, tuone." Tisa wakacheza. Gertrude akasimama, mikono kifuani. Kijana mmoja akamzunguka, akasema, "Na huyu, miguu yake aliacha ku nyumba?" Mkubwa wao akaacha kucheka, akauliza, "Mama, huyu naye iko wako?" Marehemu aliwatazama wale tisa, akajibu, "Hapana, huyu simujue."

Walimtoa kwenye mstari. Wengine wakaambiwa waende, wakaenda wakicheza, kwa sababu hakuna aliyewaambia waache.

Tangu siku hiyo marehemu hakuimba tena. Watu walipoketi kula aliwahesabu, akifika tisa aliuliza wa kumi yuko wapi, na chakula kikapoa mbele yake. Tarehe 2 Novemba alishikwa na homa ya matumbo, akalazwa tarehe 9, akapasuliwa tarehe 13, na akafariki Jumatano tarehe 19 Novemba 2003, saa tisa na dakika kumi alasiri, akiwa na miaka arobaini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia bila umeme wa kutosha, majirani wa Mudzipela waliochimba kaburi na kupika, na wenzake wa Nyota ya Shari waliomvalisha.

Na kwa kuwa mwingine hakusomewa karatasi, familia inasema pia kwamba Gertrude, mke wa Hubert, alizaliwa tarehe tusiyoijua, alisoma mahali tusipopajua, alionekana mara ya mwisho tarehe 14 Mei 2003, karibu saa nne asubuhi, hakukataa kupita, alikataa kucheza, na alikuwa mtu wa Marie-Claire. Tulimjua.

Pumzikeni kwa amani, ninyi wawili.