Mwalimu Phadtare, Aliyetunyang'anya Kombe

Tarehe thelathini na moja ya mwezi huu wa Mei, Mwalimu Vaijayanti Phadtare anastaafu baada ya kufundisha hisabati katika Shule ya Sekondari ya Pimpalwadi kwa miaka thelathini na mmoja. Walimu wenzake tuna huzuni. Wanafunzi nao wana huzuni, ila wanaoingia darasa la kumi wanapata tabu kidogo kuionyesha.

Mimi nafundisha Kimarathi, lugha ya kwetu, na nimeketi naye meza moja tangu nywele zetu zikiwa nyeusi bila msaada wa dawa. Mkuu wa shule amenipa kazi hii ya kumuaga kwa sababu, anasema, mimi ndiye mtu pekee hapa ambaye Bi Phadtare alishindwa kumfundisha chochote.

Alikuja kwetu kutoka mji wa Ambajogai akiwa na sanduku la bati na bikari ya mbao ya ubaoni, kubwa kuliko mbuzi. Mumewe, aliyekuwa karani wa posta, husimulia kwamba siku ya kuchumbiana wazee waliwaacha wazungumze, na swali la kwanza la bibi harusi mtarajiwa lilikuwa umbali wa nyumba yao hadi shuleni kwa mstari ulionyooka. Alipojibu kwa kukisia, alitumwa akapime.

Kwa Bi Phadtare, kiwanja chetu chote ni karatasi ya grafu. Mwarobaini ulio kwenye kona ndiyo nukta sifuri. Kutoka hapo unahesabu mita za kwenda mashariki, kisha mita za kwenda kaskazini, na kila kitu duniani kina mahali pake. Sikukuu moja ya Jamhuri, mpishi wetu aliuliza khichdi, ule wali wa dengu, ipakuliwe wapi. Akajibiwa, "Tisa, nne." Maskini akaleta masufuria tisa na miiko minne.

Kila mwaka alipigana vita vilevile. Anawapa watoto kona nne za umbo kwenye grafu, watafute urefu wa pande. Wanatoa, wanazidisha, wanajumlisha, wanatafuta kipeuo cha pili. Pande nne zikitoka sawa, wanaandika mbiombio "ni mraba" na macho yao yako dirishani. Naye kwa wino mwekundu anachora mishazari, ile mistari miwili ya kutoka kona hadi kona, na kuuliza, "Na hii nani atapima, mama yako?" Maana umbo linaweza kuwa na pande sawa na bado likawa limelala upande, kama kitanda cha kamba kilicholegea miguu. Mishazari isipolingana, si mraba, wala si mstatili. Ndiyo sababu mgongoni kwake tunamwita Mwalimu Mshazari. Anajua.

Sasa nifike kwenye kombe.

Mwaka mmoja wasichana wetu wa kabaddi, mchezo wa kuvamia upande wa wapinzani, kuwagusa na kurudi bila kukamatwa wala kukanyaga nje ya mstari, walifika fainali ya eneo, na fainali ilichezwa hapa kwetu. Nahodha alikuwa Shevanta Mane wa darasa la tisa, mtoto wa wakata miwa, mwepesi wa miguu na wa ulimi. Nahodha wa timu bingwa angechukuliwa na bweni la michezo la wilaya, masomo na chakula bure. Kwa Shevanta hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko kombe, kwa sababu kila baada ya sikukuu ya Diwali wazazi wake walihamia mashamba ya miwa ya Kolhapur, na watoto wakubwa waliondoka nao.

Mwalimu wa michezo, Bwana Jagtap, alichora uwanja kwa kamba na chokaa. Alipima pande zote nne kwa utepe: kumi na mbili, nane, kumi na mbili, nane. Akaridhika, akaenda kunywa chai. Mechi ilikwisha kwa tofauti ya pointi moja. Mshambuliaji wa wageni alikuwa akipenya ubavuni, karibu na kona yetu, mguu wake ukaangukia nje ya chokaa kwa upana wa kiganja. Filimbi ikalia. Tulipiga ngoma hadi mbwa wa kijiji wakahama.

Jumatatu, Bi Phadtare alilitoa nje darasa la tisa wakapime uwanja wa ushindi kuanzia kwenye mwarobaini. Pande zilitoka vizuri. Mishazari ilikataa.

"Mmelala au mmekunywa?" aliwafokea. "Rudieni!"

"Tumerudia, Mwalimu," alisema Shevanta. "Mmoja umeuzidi mwenzake mita moja na nusu na ushee."

"Wewe kucheza unajua, kutoa hujui. Lete utepe."

Akapima mwenyewe. Akapima tena. Nilikuwa barazani nikisahihisha insha, nikaona amekaa chini kwenye vumbi na sari yake safi. Uwanja ulikuwa umelala upande, na mguu wa yule binti wa wageni, kwenye uwanja ulionyooka, ungekuwa ndani.

Mkuu wa shule wa wakati huo alikuwa bado anagawa peda, vitamu vya maziwa, za ushindi. "Bi Phadtare, chokaa inafagiliwa sasa hivi," alimwambia kwa upole. "Nani atajua?"

"Darasa la tisa zima linajua, bwana. Nimewapa kama kazi ya nyumbani."

Akawaandikia wakubwa wa michezo, na mechi ikarudiwa wilayani. Tukafungwa kwa pointi nne. Bwana Jagtap hakumsalimia hadi sikukuu ya Holi, mwezi Machi, na mimi, nisiwafiche, nilimwona mtu mgumu kupita kiasi. Shevanta aliondoka na wazazi wake kwenda kwenye miwa.

Wiki moja baadaye Bi Phadtare aliomba ruhusa, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Alipanda basi hadi Kolhapur, akamkuta msichana amejitwika mzigo wa miwa kichwani. Mama Shevanta alinisimulia walichosema.

"Umekuja kunipima nini tena?"

"Nimekuja kukuchukua. Hesabu yako ilikuwa sahihi, nami nilikufokea. Utakaa kwangu."

"Kwa huruma?"

"Kwa mtihani wa darasa la kumi. Kula utakula, lakini na vyombo utaosha."

Shevanta alikaa kwake mwaka na miezi kadhaa. Alifaulu. Leo ni kondakta wa basi la serikali, na hakuna abiria anayemdanganya kituo alichopandia.

Nilipokuwa naandika haya nilimpigia simu Shevanta, anipe neno la kumuaga mwalimu wake. "Mwambie kombe sijamsamehe," alisema, "na sitamsamehe. Halafu umuulize, anakwenda wapi? Binti yangu nimeshamwandikisha hapo, anaanza Juni. Nimemwandikisha kwa ajili ya huyo mwalimu."

Bi Phadtare, asante kwa kazi yako, na kwa ugomvi wako. Tunakupenda, hata Bwana Jagtap, ambaye amenituma niandike hivyo. Afya njema kwako na kwa mzee, na chai isipoe kamwe mezani kwenu. Lakini swali la Shevanta, unakwenda wapi, si letu sisi wa chumba cha walimu. Tunakuachia wewe.