Tonge Nililomkatia Mama Ntumba

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa, na anisaidie nisilie kabla sijamaliza.

Wengi wenu mnanijua kwa sura kuliko kwa jina. Mimi ndiye mulozi wa televisheni. Kwa miaka mingi nimecheza mchawi katika mchezo wa Jumapili, na Kolwezi nzima ilinipenda kwa kuniogopa. Sokoni Dilala mama wauzaji walinitania, "Tata, usituangalie vile, mboga itakauka," tukacheka wote. Jina langu la ubatizo, Placide, lilibaki kwa mke wangu, pasta na majirani wachache.

Kisha tukaenda kupiga picha za mchezo Musonoi, karibu na mashimo ya wachimbaji. Nilinyoosha fimbo juu ya shimo moja, nikasema maneno niliyoandikiwa: "Shimo hii itakula mutu." Mchezo ukaonyeshwa. Wiki ile ile udongo ukamwangukia Kazadi, mtoto wa jirani yangu Mama Ntumba, akafia humo ndani.

Ndugu zangu, hapo nilijua hofu ni nini. Vijana walisema mchezo ulikuwa kisingizio tu, nimemla Kazadi mchana kweupe mbele ya kamera. Pikipiki za taxi-moto zikakataa kunibeba. Mawe yakaanguka juu ya bati letu. Nikajifungia chumbani.

Na kilio cha Kazadi kilikuwa nyumba ya pili kutoka kwetu. Mnajua desturi yetu: jirani asiyefika kwenye kilio amejishtaki mwenyewe. Mke wangu Régine aliniambia, "Ukienda, batakuua. Ukikosa kwenda, batasema ni weye." Tukapiga magoti. Nikavaa shati, nikaenda.

Nilipoketi, watu wakasogeza viti vyao mbali. Langoni walisimama vijana wenye tairi na petroli, tayari kunichoma. Nikaletewa sahani ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, nikaitazama tu, nikiogopa kugusa chakula mbele yao, maana watu husema mulozi huua kwa chakula. Ndipo Mama Ntumba, ambaye hakuwa ameonja kitu tangu msiba, akaniita kutoka kwenye mkeka wake.

"Tata Placide, kuya hapa. Unikatie bukari na mukono yako."

Nikakata tonge, nikachovya kwenye sombe, nikampa. Akawageukia wale vijana. "Mutoto yangu, ni udongo njo ilimuua. Kama huyu ni mulozi, mi nitakufa hapa, mubone." Akala.

Akakohoa.

Lile lilikuwa koo la mama mzee aliyekaa na njaa na machozi. Alikohoa mpaka akainama, na vijana wakaingia uani. Sala ya Baba Yetu yote ilinitoka kichwani. Nilisema tu, "Yesu, apumue." Akapumua. Akanywa maji, akanyoosha mkono tena, akasema, "Ongeza."

Alikula mpaka sahani ikaisha. Kijana mmoja akatoka na lile tairi, akarudi mikono mitupu, akaomba kiti.

Namshukuru Mungu, ila namshukuru nikiwa nimeinamisha kichwa, kwa sababu mama yule pia aliomba mwanawe atoke shimoni mzima, na hakutoka. Siwezi kuwaeleza kwa nini. Najua tu kwamba Bwana alikuwa uani pale. Wewe unayejificha kwa hofu, mtegemee, utoke nje. Na kama jirani yako anakimbiwa na wote, nenda ukale naye. Mimi ni hai kwa sababu mama aliyefiwa alihitaji kulishwa, naye akachagua mkono wangu.