Mervyn Tranter na Injini Zilizofunguka kwa Mikono

Baada ya miaka thelathini na minne katika gereji yetu ya magari ya kale hapa Coventry, Mervyn Tranter anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Mei. Mimi, Glenys wa stoo ya vipuri, ndimi niliyeombwa kuandika, kwa kuwa wenzangu waliogopa kumkasirisha.

Mervyn alitujia kutoka kiwanda cha magari akiwa tayari na jambo moja lililomkosesha usingizi: stadi, zile fimbo za chuma zinazopenya hedi, kifuniko cha juu cha injini, na kuibana mahali pake. Hedi ni ya aluminiamu. Maji ya rejeta yakichakaa humo ndani, kutu huzishikamanisha stadi na hedi, na siku ya kuifungua hedi haitoki. Kila injini iliyopita mikononi mwake, Mervyn alichomoa stadi zote, akazisugua zikang'aa, akazipaka grisi ya kuzuia kutu mwili mzima ndipo akazirudisha. Kisha alimsimanga mwenye gari kuhusu kubadilisha maji ya rejeta na dawa ya kutu inayotiwa humo. Wateja wawili watatu walituhama kwa ajili ya masimango hayo.

Ubaya wa kazi hii ni kwamba ukiifanya vizuri, hakuna kinachotokea. Hakuna aliyewahi kumnunulia Mervyn bia kwa sababu hedi ilitoka bila matata.

Halafu akaja kufanya kazi kwetu Sukhdev Bahia kutoka Smethwick, na fremu ya chuma aliyojitengenezea mwenyewe ya kuvutia hedi zilizoganda. Watu walifunga safari kumtazama. Jarida la chama cha wapenzi wa magari ya kale likamweka kwenye jalada. Mervyn alililaza kifudifudi kwenye chumba cha chai. Nikiligeuza, kesho nalikuta limelala tena. Sambusa za mama yake Sukhdev, ambazo zamani alizigombania, Mervyn akaanza kuzikataa. Aliniambia stoo kwamba yule bwana anasifiwa kwa kutibu ugonjwa ambao wagonjwa wa Mervyn hawaugui.

Mwaka juzi Bi Pargeter alileta gari la marehemu mumewe, lililokaa bandani miaka mingi. Alitaka limpeleke bintiye kanisani kuolewa, na akamtaka Sukhdev kwa jina aifungue hedi yake. Wanachama wa kile chama wakajaa na kamera zao. Sukhdev alifunga fremu yake asubuhi nzima. Mervyn alivuta kiti, akakaa kando, kikombe cha chai mkononi, akitabasamu kwa namna iliyonitia wasiwasi.

Sukhdev alilegeza nati na kuanza kukaza fremu. Hedi ikainuka papo hapo. Akaifungua fremu, akainyanyua hedi kwa mikono yake, na stadi zikabaki zimesimama, safi, zenye grisi. Wanachama waliguna, wakazifunika kamera, wakaenda kutafuta chai. Hakuna aliyeuliza ni kazi ya nani.

Hapo ndipo nilipoona tabasamu la Mervyn likizimika. Alikuwa ameshinda, na hakuna aliyekuwa akitazama.

Sukhdev alifuta mikono, akamfuata kwenye kiti.

"Mzee, gari hili uliwahi kulishika wewe."

"Kabla hujajua kushika spana."

"Na umeniacha nihangaike asubuhi nzima mbele za watu?"

"Ulikuwa unapendeza."

Sukhdev alicheka, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nakuonea wivu, mzee. Kila ninachofungua, kuna mtu alikiharibu. Vyako havinihitaji."

Mchana ule Mervyn alikula sambusa.

Msidhani wivu umekwisha. Wiki hii ameandaa injini yake ya mwisho na kutufukuza sote mezani pake. Jana tu alimwita Sukhdev aipake stadi ya mwisho, akasimama begani kwake, akamrudisha mara mbili aipake upya. Ya tatu akanyamaza. Kwa Mervyn, hiyo ni hotuba.

Mervyn, tunakushukuru kwa matatizo yote ambayo hatukuwahi kuyapata. Wewe na mkeo Beryl tunawatakia pumziko jema huko pwani ya Aberdovey, afya, jua la kutosha, na majirani wasiokuzidi kwa lolote.