Fundi Randa na Mbao Zisizojibu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Fundi Randa anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha mazoezi ya viungo kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia akiwa kijana wa kubeba mbao begani. Anatoka akiwa mkuu wa karakana, ingawa karakana yenyewe ina watu wawili tu: yeye na Mama Brashi, fundi wetu wa rangi, ambaye hajawahi kukubali kwamba ana mkuu.

Kwa kawaida wasifu kama huu huandikwa na watu wa ofisini. Safari hii nimepewa mimi wa chumba cha kufulia, mwenye mtoto mchanga na usingizi wa kuazima. Aliyenichagua ni mstaafu mwenyewe. Sababu yake itaonekana huko mbele, na si sababu ya kujivunia, si kwake wala kwetu.

Jina la Randa alilipata kwa haki. Mlango ukikwama tu, yeye huyo na randa mkononi kabla hajaitwa. Tulizoea kutaniana kwamba ukilalamika viatu vinakubana mbele yake, ficha miguu. Milango ya wodi, vitanda vya mazoezi, ngazi za kujifunzia kupanda, meza ninayokunjia mashuka, vyote vimepita mikononi mwake. Meza hiyo aliipandisha nilipokuwa mjamzito, ili nisiiname. Sikumwomba. Alinikuta siku moja nimeshika kiuno, akaondoka, akarudi na msumeno na vipande vya mbao vya kuongeza miguu ya meza.

Lakini kazi yake kubwa ni baraza ya mbao ya uani. Aliijenga angali kijana, wagonjwa walipochoka kujifunza kutembea kwenye korido yenye harufu ya dawa. Akawatandikia sakafu ya mbao nje, penye upepo, na reli za kushikilia pande zote mbili. Tangu hapo, kila aliyejifunza upya kutembea kituoni kwetu, hatua zake za kwanza nje amezipiga juu ya kazi ya Fundi Randa.

Na aliitunza. Kila mwaka kabla ya mvua Mama Brashi aliipaka mafuta, na kabla ya mafuta Fundi alipita ubao kwa ubao, amepiga magoti, akigonga kwa mpini wa nyundo huku ameinamisha kichwa. Ubao mzima ulijibu ko. Uliooza kwa ndani ulijibu bu, hata kama juu unang'aa. Wagonjwa walimwita daktari, wakamuuliza kama huyu wa leo atapona au aandikiwe rufaa.

Miaka ya karibuni akabadilika. Unamsalimu, anapita. Unamwita kwa nyuma, hageuki. Kwenye chumba cha chai tukicheka, naye alicheka, ila baadaye kidogo, wenzake wameshanyamaza. Tukasema ni maringo ya mtu anayenusa kustaafu. Mlinzi wa getini akambandika jina la Mheshimiwa, nasi tukalipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyemuuliza ana nini. Kusengenya ni rahisi kuliko kuuliza, na hilo tuliloliona rahisi leo linatuinamisha vichwa.

Mwaka huu mvua zilipokaribia aligonga mbao zote kama kawaida, akatangaza kwamba baraza ni nzima. Wiki chache baadaye dada yangu aliniletea mtoto anyonye, nikakatiza barazani naye mikononi. Ubao ukakatika. Mguu wangu mmoja ukazama hadi juu ya goti, nikakaa kitako kama mzigo. Mtoto alibaki mapajani mwangu, wala hakulia. Alishangaa tu kwa nini mama amekuwa mfupi ghafla. Mguu ulichubuka, ukapona. Lakini asubuhi hiyohiyo mzee mmoja aliyepooza upande alikuwa amepita palepale na fimbo yake.

Fundi alikuja mbio kwa kuwa aliona watu wanakimbia. Akanitoa, akanikagua mguu, kisha akapiga magoti kando ya shimo na kugonga ubao wa jirani. Ulijibu bu ya wazi kabisa, hata dada yangu, ambaye kazi yake ni kusuka nywele, aligeuka.

"Huu mzima," Fundi akasema.

Nilikuwa na hasira za kumrarua. Nilitaka kumuuliza kama angesema mzima hata kama mwanangu ndiye angekuwa chini. Nikamtazama, nikamkuta amekodolea macho midomo yangu, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu.

"Baba, huo umeoza. Hujasikia?"

Alikaa chini palepale kwenye vumbi. "Sisikii, mwanangu. Mwaka wa tatu huu. Misumeno ya umeme imeyala masikio. Nilikuwa nakisia."

Kesho yake alikwenda kwa msimamizi akaomba aondoke mapema, bila hafla, bila wasifu, bila picha. Baraza ilikuwa imefungwa kwa kamba, na wagonjwa wamerudishwa kwenye korido. Akaanza kubeba vifaa vyake kwenda navyo nyumbani, leo patasi, kesho timazi, ndani ya mfuko wa mkate, kama anajiibia mwenyewe. Alikuwa akipita nyuma ya jengo asikutane na mgonjwa yeyote. Alimwambia Mama Brashi kwamba uziwi si kitu; kilichomnyima usingizi ni kwamba watu wale walimwamini, wakakanyaga.

Nilimfuata karakanani, nikasimama penye mwanga anione. Nikamwambia nimekasirika na nina haki. Masikio ni yake, kuyaficha ni juu yake. Lakini kuyaficha huku watu wenye miguu mibovu wanatembea juu ya neno lake, hilo halikuwa lake peke yake. Nikamwambia na la pili.

"Huwezi kuondoka ukawaachia wagonjwa shimo. Litengeneze, ndipo uende."

"Nitatengeneza vipi kitu nisichokisikia?"

"Weka mbao zisizojibu."

Mbao hizo tulizijua wote, kwa sababu msimamizi alikuwa akizitaka miaka nenda rudi. Hutengenezwa kiwandani kwa unga wa mbao uliochanganywa na plastiki. Haziozi, haziliwi na mchwa, hazitaki mafuta wala rangi. Maji ya sabuni na brashi yanazitosha. Fundi alizikataa kila mwaka, akiziita ndoo zilizonyooshwa. Siku hiyo aliuliza kama zinapatikana za kahawia.

Akaibomoa baraza yake kwa mkono wake. Mbao za zamani alizipanga ukutani, pande zilizooza zikitazama nje, na alipoambiwa azifunike kwa turubai alikataa. Kila mtu alizipita akienda kula. Boriti na nguzo za chini ni za mti hata sasa, na hizo hakuzigonga. Alizichoma kwa bisibisi moja baada ya nyingine, na kila ilipozama aling'oa. Akaongeza boriti za katikati, maana mbao hizi ni nzito na hupinda zikikosa pa kuegemea. Mama Brashi alipanga mbao za safu ya kwanza zimebanana hata wembe haupiti, akidhani anapendezesha. Fundi akamfanya aifumue yote na kuacha mwanya kati ya ubao na ubao, kwa sababu jua likiwaka mbao hizi hutanuka, na zikikosa pa kwenda huinua mgongo. Mama Brashi alinung'unika mchana kutwa kwamba huyu bwana amemfuta kazi ya mafuta, na bado anamsumbua na mianya.

Kufikia hapo habari ilikuwa imeingia kila chumba, na zamu ya kuona haya ikawa yetu. Mlinzi alikwenda uani kuomba radhi, akasimama mbele ya Fundi na kupaza sauti hadi madirisha ya ghorofani yakafunguliwa.

"Punguza," Fundi akamwambia. "Mimi kiziwi. Siko ng'ambo."

Mlinzi alicheka, halafu akageukia ukuta kidogo.

Baraza ilifunguliwa Jumatatu. Fundi alimtafuta yule mzee mwenye fimbo, na mbele ya mkewe akamweleza wazi kwamba ubao aliokuwa akipita ulikuwa umeoza, na aliyesema ni mzima ni yeye. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumwambia si kitu, maana ilikuwa kitu. Alinyoosha mkono wake mzima, akataka kushikwa. Wakavuka pamoja, Fundi akitembea kinyumenyume apate kuona mwenzake anasema nini.

Siku hiyo akakubali hafla na wasifu, mradi niuandike mimi niliyezama. Nilipomuuliza kama niyaandike haya yote, akasema, "Andika. Kiziwi nitakubali. Mwenye maringo, hapana."

Hafla ni saa tisa alasiri, barazani, na ameahidi kuja. Watakaosema neno wamtazame usoni, na wasizibe midomo kwa karatasi.

Fundi Randa, baba yetu, asante kwa kila mlango unaofunguka na kila mgonjwa uliyemtoa nje penye upepo. Tulikusema vibaya, tuwie radhi. Mimi bado naona ungetuambia mapema, na bado sakafu utakayoitandika wewe nitapita juu yake na mwanangu mikononi. Tunakuombea mapumziko ya amani, mikono isiyochoka na nyumba iliyojaa watu wa kuzungumza nawe ana kwa ana. Na kile kifaa ulichopewa hospitalini wiki iliyopita, Mzee, huvaliwa sikioni. Tumekiona mfukoni.