Sifuri ya Mama

Waombolezaji wenzangu, nimesimama kwa niaba ya familia kusoma habari za mdogo wangu, kazi ambayo kwa haki ya umri alipaswa kunifanyia yeye, lakini kifo hakina adabu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika nyumba yetu ya nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kitinda mimba, na alipokuwa na miaka mitatu alionjeshwa samaki akavimba uso hadi pumzi ikataka kukatika, na tangu siku hiyo mama, aliyependa samaki kuliko sisi sote, hakuingiza tena hata dagaa jikoni, nami nilinuna mwaka mzima.

Alisoma shule ya mtaani kwetu, akahitimu shahada ya uchumi mwaka 1995, akaajiriwa ofisi ya takwimu, na kazi aliyopewa, sijui Mungu alikuwa anatutania, ilikuwa kukadiria bei ya samaki ikipanda walaji watapunguza kiasi gani, na wangapi watahamia kwenye kuku. Mwaka 1999 aliolewa na shemeji yetu, fundi wa majokofu, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2004 karani wa takwimu alipita nyumbani, mama akajibu kwamba hanunui samaki kabisa, ikaandikwa sifuri, na marehemu, kama alivyofanya kwa kila sifuri, akaiweka nyumba yetu kwenye kundi la wasiopenda samaki, akaja kumtania mama kwa hilo, mama akamuuliza ni nani aliyemwambia hapendi. Jamani, mdogo wangu alilia. Alirudi ofisini akayavunja makadirio yake yote, akaanza kutafuta sababu ya kila sifuri, kama ni ufukara, ugonjwa, au mapenzi kwa mtu mwingine, mpaka wenzake wakambatiza Bi Sifuri.

Mwezi Januari 2023 aligundulika ana saratani ya ini, akarudi kuuguzwa kwa mama, akaomba jambo moja tu, kwamba mama ale samaki sasa, mama akakataa katakata, akisema mwanawe bado yumo ndani. Alifariki tarehe 9 Juni 2024 katika hospitali kuu, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, wenzake wa ofisini, na majirani, akiwemo aliyetuletea jana samaki wa kukaanga kwa nia njema kabisa. Mama aliwatazama samaki hao, akafunika sahani, akairudisha. Ninyi wa takwimu mkipita kwetu mtakuta sifuri ileile, tafadhali msiandike kwamba hapendi.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, jikoni hamna samaki.